Niandikie Kilichomo kwenye Picha

Kitengela,
12 Januari 2025

Kokoo,

Takwenya. Nakusalimu kwa kuinamisha kichwa nikiwa huku Kitengela, nawe unishike ukiwa huko Kajiado. Ule mshiko wa Krismasi siuhesabu, maana ulinishika sikio badala ya kichwa, na Baba akasema hiyo ndiyo adhabu ya mjukuu asiyekuja kumwona nyanya yake.

Sisi tuko salama. Baba bado anachechemea asubuhi, lakini jua likiwaka anasahau. Mama anashukuru kwa kibuyu cha maziwa. Mvua haijaja, na vumbi la simiti limeingia hata kwenye chai. Dukani bado nauza vigae na sinki, na wikendi nilikuwa nikimsaidia Lennox kupiga picha za harusi.

Nimesema nilikuwa. Hapo ndipo shida yangu ilipo, na nimeamua kukuandikia kwa sababu simu hushiki. Jirani yako Priscilla ameniambia siku hizi simu yako unaiweka chini ya mlango usigongwe na upepo.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa na harusi kule Kiserian. Lennox alinipa kazi moja tu: mama wa bibi harusi. Nilimfuata yule mama kutoka asubuhi mpaka keki ikakatwa, nikibonyeza kamera bila kupumzika. Tulipofungua picha, hema ni jeupe kabisa, nguo zinang'aa, na uso wa mama ni doa jeusi. Zote hivyo. Mama mwenyewe alizipitia kwenye simu ya bintiye, akauliza kwa upole, "Na mimi niko wapi hapa?"

Lennox hakunipigia kelele. Alisema tu, "Soila, wewe hupigi picha. Wewe unamwaga maji chini ukitumaini ndoo itajileta yenyewe." Kisha akaniambia nipumzike kwanza.

Nina kamera yangu, ya mitumba lakini nzima. Wewe na Babu mlikuwa na studio miaka mingi, na ulifundisha chama cha picha shuleni. Nakuomba unifundishe. Sitaki kuuliza watu wa mtandaoni. Wanaongea haraka na wote wana kamera ambazo siwezi kununua.

Mjukuu wako,
Soila


Kajiado,
2 Februari 2025

Soila, mjukuu wangu,

Iko, nimeitikia takwenya yako. Nimekushika kichwa, na safari hii ni kichwa kweli.

Barua yako imefika kwa mkono wa Munguti, dereva, ambaye ameniletea na mkate bila kuagizwa. Mbuzi wawili wamezaa. Priscilla ametuma salamu. Amekuwa jirani mwema kuliko ninavyostahili, anakuja asubuhi kuniwashia moto na kunigombeza kuhusu chumvi. Miguu yangu huvimba jioni. Daktari anasema moyo umechoka. Nilimwambia umefanya kazi ndefu, una haki.

Umeomba nikufundishe. Nitakufundisha, ila nataka malipo, nayo si pesa. Nataka unipige picha yangu ya mazishi.

Usishtuke. Unakumbuka picha iliyotangulia jeneza la babu yako? Hukuwa mkubwa, labda huikumbuki. Babu yako alipiga picha nusu ya wilaya hii: maharusi, wazee wenye rungu, watoto wa ubatizo. Siku aliyokufa tukatafuta yake, hakuna. Alikuwa nyuma ya kamera siku zote. Tukachukua ya kitambulisho, tukaipanua mpaka ikawa kubwa kama meza. Ilionyesha mtu aliyekamatwa na mbuzi wa wenyewe. Mzee mmoja kutoka Entarara, rafiki yake wa ujana, alisimama mbele yake, akanigeukia akauliza, "Nailantei, tunamzika nani?"

Sitaki kuzikwa chini ya picha ya kitambulisho. Nataka watakaokuja wanijue. Na yaliyokupata Kiserian, weupe nyuma na uso mweusi mbele, ndiyo makosa ambayo yangenizika mimi pia. Kwa hiyo hamna haja ya kunishukuru. Tunasaidiana.

Sikiliza masharti. Usinipigie simu kuhusu picha. Simu huleta neno na kuliondoa papo hapo. Niandikie. Picha ichapishwe, moja tu kwa kila barua, uifunge ndani ya bahasha umpe Munguti. Usije huku mpaka nikuite. Pamoja na picha, niandikie kwa maneno kila kilichomo ndani yake: mwanga unatoka wapi, unaishia wapi, pembeni kuna nini, kivuli kimelala upande gani. Neno "nzuri" ni marufuku. Na mwandiko wako ni sisimizi waliomwagiwa chai. Tumia kalamu nene nyeusi, herufi kubwa. Anayeandika kwa herufi kubwa hana nafasi ya upuuzi.

Anza na sufuria iliyoungua masizi. Iweke mahali pamoja, usiisogeze. Ipige kila siku mara moja. Kabla ya kubonyeza, kaa nayo mpaka uione. Ukishajua ni ipi ya kunitumia, niandikie.

Nyanya yako,
Nailantei


Kitengela,
9 Machi 2025

Kokoo,

Takwenya. Nimeinama. Hatujambo wote, ila Baba hajambo kwa mwili tu. Nilimwonyesha barua yako na akakasirika. Anasema kupiga picha ya mazishi ya mtu aliye hai ni kumwita Mungu kabla ya saa yake, na kwamba ile ya kitambulisho itatosha. Mama akamwambia, "Yako ya kitambulisho unaifichaga hata kwa polisi."

Sufuria niliiweka kwenye ngazi ya nyuma. Wiki ya kwanza niliona ujinga mtupu. Jirani yetu Shirleen aliniuliza kama ninaiuza. Kubonyeza mara moja tu kwa siku ni kama kufunga kula, mkono unawasha. Nilipiga, nikaangalia, nikatamani kurudia, nikakumbuka wewe, nikaingia ndani.

Hii hapa picha. Ndani yake kuna sufuria nyeusi kwenye ngazi ya simiti. Ni asubuhi. Mwanga unatoka kulia. Nyuma kuna ukuta.

Herufi nimeandika kubwa kama za bango la mkutano wa injili. Natumaini umeridhika.

Soila


Kajiado,
30 Machi 2025

Soila,

Iko. Tumepata mvua kidogo, ya kudanganya nyasi. Mbuzi mmoja mdogo amekufa, wa pili anaruka juu ya kitanda changu. Mwambie baba yako kwamba Enkai, huyo Mungu anayemtaja, hahitaji picha ili anitambue. Ni nyinyi mtakaoihitaji.

Nimepokea sufuria. Unasema nyuma kuna ukuta. Ukuta wa rangi gani? Uko karibu au mbali? Unasema sufuria ni nyeusi. Hakuna kitu cheusi, mwanangu. Masizi yakipigwa na jua la asubuhi yana kijivu, yana kahawia, mahali mkono wa mpishi hushika pana mng'ao. Hukuniambia chochote kuhusu mkono wa sufuria. Umekaa na sufuria mwezi mzima na bado hamjasalimiana.

Nikwambie pia kuhusu Kiserian. Kamera haina akili. Ikiona weupe mwingi, kama hema, inadhani dunia yote inawaka, inafinya jicho. Sisi watu weusi tunaishia gizani. Usiitii. Iambie ifungue zaidi, hata hema lipotee. Hakuna aliyekuja kuona hema.

Rudi kwa sufuria hiyohiyo. Ukimaliza, tafuta uso wa mtu mzima anayekuvumilia. Mkalishe ndani ya mlango, hatua chache kutoka nje, uso wake uelekee mwanga. Jua lisimguse. Mlango ndio studio ya maskini, na babu yako alisema ndio studio pekee. Zungumza naye mpaka mdomo wake usahau kwamba unatazamwa.

Nailantei


Kitengela,
18 Mei 2025

Kokoo,

Takwenya, nimeinama mpaka shingo inauma. Samahani nimekawia. Tulikuwa na mitihani ya mdogo wangu, halafu Mama akapata homa, sasa amepona. Baba hataji tena jambo la picha, lakini jana nilimkuta ameketi kwenye ngazi akiitazama ile sufuria. Aliponiona akasema alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Mwandiko wako umekuwa mkubwa kuliko wangu, na mistari inapanda mlima. Ni mzaha, au mkono unauma? Niambie ukweli.

Nimepata uso. Ni Mama Achola, anayekaanga samaki kando ya duka letu. Nilimwomba akae ndani ya mlango wa stoo ya vigae kila siku baada ya saa ya chakula, wateja wakipungua. Siku za kwanza alikuwa anatoa tabasamu la kitambulisho. Nikaweka kamera magotini, tukapiga hadithi. Akaniuliza, "Wewe msichana, utanipiga mpaka nizeeke? Hata samaki wangu wameanza kuona wivu." Nikamwambia ninajifunza kusubiri. Akasema, "Basi njoo uolewe na kijana wangu Obura, huyo anasubiriwa tangu azaliwe."

Kokoo, kuna kitu kilitokea. Ijumaa aliacha kunitania. Alikuwa anasikiliza mafuta yake huko nje, kama yameanza kuungua au bado. Uso ukatulia. Nilibonyeza mara moja nikajua, kabla ya kuangalia.

Nakuandikia kilichomo. Mwanga unaingia kutoka mbele yake, kushoto kidogo, laini, kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Paji la uso limepokea mwingi, shavu la kulia linapungua polepole mpaka sikio, na sikio liko karibu na giza lakini bado unaona kipuli, tundu moja la mwanga. Ngozi yake si nyeusi. Ni kahawia nzito yenye wekundu chini, kama mbao ya zamani iliyopakwa mafuta. Ametega kichwa. Macho hayanitazami, yamekwenda nje kwa samaki. Chini ya kidevu kuna kovu dogo la mafuta. Nyuma yake vigae vimepangwa, lakini vimeyeyuka kwenye giza, unaona kona moja tu ya boksi, upande wa kulia juu. Hiyo kona inanisumbua. Ningesogea nusu hatua ingetoka.

Nimeiweka kwenye bahasha.

Soila


Kajiado,
8 Juni 2025

Soila, mjukuu wangu,

Iko. Mkono hauumi. Karatasi imepinda kwa sababu ya meza. Poleni kwa homa ya Mama. Priscilla amenipikia uji wa wimbi, akanisimamia kama askari mpaka nikamaliza.

Mama Achola amefika. Nimemweka dirishani, na kila asubuhi namtazama. Kile kipuli! Umekiacha kikae peke yake gizani, vizuri sana. Kovu chini ya kidevu ndilo linalonifanya nimwamini. Na ni kweli, ile kona ya boksi inakera. Umeiona mwenyewe kabla sijakwambia, na hiyo ndiyo hatua niliyokuwa naingoja.

Sasa umefika mahali ambapo naweza kukuita. Lakini endelea kidogo kwanza. Piga mikono yake akigeuza samaki. Nitakwambia siku.

Nailantei


Kitengela,
22 Juni 2025

Kokoo,

Takwenya. Nyumbani wazima.

Leo nimefungua droo yangu pale dukani, nikapata picha ya Mama Achola. Iko hapa mbele yangu. Haijatoka Kitengela hata siku moja.

Nilichokutumia ni bahasha ya Lennox aliyoiacha dukani. Zilifanana, na Munguti alikuwa anapiga honi. Ndani yake mlikuwa na picha ya keki. Keki ya orofa tatu, ya waridi, na maharusi wa plastiki juu.

Kokoo, umekuwa ukiangalia nini dirishani?

Nimesoma barua zako zote upya. Hakuna mahali umesema kitu ambacho sikukuandikia mimi kwanza. Ukuta uliuliza. Mkono wa sufuria uliuliza. Kipuli, kovu, kona ya boksi, yote ni maneno yangu umenirudishia. Je, uliwahi hata kufungua bahasha? Au ulikuwa unanifurahisha tu kama mtoto, ili upate picha yako?

Nilimwambia Lennox kwamba nyanya yangu amesema nimefika. Amenipa nijaribu harusi ya mwezi wa nane. Sasa sijui kama nimefika popote. Sijashika kamera tangu asubuhi.

Ungeniambia tu picha hazikupendezi. Hiyo ningeweza kubeba.

Soila


Kajiado,
10 Agosti 2025

Soila, mjukuu wangu,

Iko. Sikukujibu mapema. Mara ya kwanza niliandika barua ya uongo mwingine, kwamba Priscilla alichanganya bahasha. Nikaichoma. Mara ya pili nililazwa hospitalini, moyo ulitaka kusimama, kisha ukabadili nia. Baba yako alikuja. Nilimkataza kukwambia, kwa sababu nilitaka uisikie habari hii kutoka kwangu na si kutoka kwa mtu aliyenihurumia. Nimerudi nyumbani. Ninaandika kidogo kidogo, nikiwa nimeegemea mito, na karatasi nimewekea kipande cha kadibodi chini ya kila mstari ili kalamu isipotee.

Sioni, Soila.

Si giza. Ningekuwa gizani ningejua la kufanya, maana nilitumia nusu ya maisha yangu kwenye chumba cha giza, nikifungua filamu kwa vidole na kuiosha kwa kuhesabu kichwani. Ni katikati ya jicho palipokufa. Daktari alisema si mtoto wa jicho, kwamba huyo hutolewa, hii haitolewi. Pembeni bado naona. Mtu akisimama mbele yangu, uso wake unapotea, nabaki na masikio. Krismasi ulipoinama, nilikuona masikio tu, nikashika nilichokiona. Nyinyi mkacheka. Nami nikacheka.

Herufi zako nene nazisoma kwa kioo cha kukuzia, moja moja, kama mtu anayeokota maharagwe. Barua yako moja hunichukua siku. Lakini picha haisomeki hivyo. Picha inataka ionwe yote kwa pamoja. Nilizishika zako, nikazigeuzageuza mbele ya dirisha. Niliona ukungu wenye kingo nne. Ile ya keki niliona ukungu wa waridi, nikadhani ni shavu la Mama Achola limepata jua.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza sana kitandani. Baba yako ananiuliza kama nimekula. Priscilla ananiuliza kama nimemeza dawa. Daktari ananiuliza kama nimelala. Wewe uliniuliza jinsi ya kupiga picha. Tangu nistaafu hakuna aliyeniuliza kitu ninachokijua. Nikaogopa kwamba nikikwambia ukweli utaandika, "Pole sana Kokoo, pumzika," nami ningepumzika kweli, na ningekufa nikipumzika. Kwa hiyo nilikukataza simu, usije ukanipigia ile ya kuonana ukaona macho yanahangaika. Nilikukataza kuja. Na nilikuambia uniandikie kilichomo, nikaliita somo. Halikuwa somo. Lilikuwa ni fimbo yangu ya kutembelea.

Hilo ndilo kosa langu kwako. Nimekusifu kwa picha ambazo sijaziona, na mwalimu hafanyi hivyo. Nakuomba msamaha, na sikuombi uharakishe kunipa.

Lakini ulinishtaki jambo moja ambalo si kweli. Umesema nilikurudishia maneno yako tu. Ndiyo. Sasa yachukue uyatazame. Mwezi wa tatu uliniandikia sufuria nyeusi, mwanga kulia, nyuma ukuta. Mwezi wa tano uliniandikia mwanga unaopungua shavuni mpaka sikio, kahawia yenye wekundu chini, mwanamke anayesikiliza mafuta yake. Mimi sikuona sufuria wala Mama Achola. Nilimwona aliyekuwa anatazama, na nimefundisha miaka ya kutosha kujua anayetazama na anayebonyeza tu. Uliponiandikia ile kona ya boksi, nilimwambia Priscilla, "Huyu msichana ameanza kuona." Alidhani nazungumzia mbuzi.

Harusi ya Lennox ifanye. Usimwambie nimesema umefika. Kamwonyeshe.

Kisha, kama bado unataka, njoo. Sasa nakuita. Mlango wangu unatazama mashariki, na asubuhi jua likishapanda juu ya paa la Priscilla mwanga unaingia laini. Usikawie sana. Moyo huu hauna adabu tena.

Nyanya yako,
Nailantei


Kitengela,
21 Septemba 2025

Kokoo,

Takwenya. Tumefika salama kutoka kwako, Baba aliendesha polepole sana. Karibu na nyumbani akasema tu, "Alikaa vizuri." Nikajua amekubali.

Harusi nilikusimulia kwa mdomo, sitarudia. Lennox hajasema kitu, lakini ameniandikia ya Novemba.

Kuhusu msamaha, nilipokuwa kwako nilisahau kuutoa, kwa sababu tulicheka mno kuhusu keki. Basi uchukue hapa. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu nilidhani hukuwahi kunitazama. Sasa najua hakuna mwingine aliyenitazama hivyo.

Nimechapisha picha mbili. Zimo humu, nimekagua bahasha na Mama akakagua tena. Baba anasema moja ndiyo sahihi na nyingine tuifiche. Mwenye kuchagua ni wewe. Nakuandikia kilichomo.

Ya kwanza. Umeketi kwenye kiti cha Babu, ndani ya mlango. Shuka yako ni ile nyekundu yenye mistari ya buluu, imeangukia bega la kushoto. Mwanga unatoka mbele, umejaa usoni kote, umeshuka mpaka shanga za shingoni, halafu ukafifia magotini. Nywele zako zimekuwa nyeupe kabisa pembeni na kijivu juu, na nyeupe hiyo haikuungua kwa mwanga, nilichunga. Mikunjo ya macho inaonekana yote, sikuificha hata mmoja. Mdomo umefungwa, ila kona ya kulia imepanda kidogo, kwa sababu Priscilla alikuwa ametoka kukuambia mbuzi amekula soksi yako. Macho hayatazami kamera. Yametazama pembeni kidogo, kama ulivyonifundisha kwamba ndiko unakoona. Anayeitazama atadhani unamsikiliza mtu aliyesimama kando yake. Nyuma yako ni giza tupu. Hakuna kona ya boksi.

Ya pili sikuipanga. Tulikuwa tumemaliza. Ulikuwa umesimama na kujishikilia kwenye mlango, mimi nikainama unishike kichwa niende, kamera bado ikiwa mkononi, kifuani. Hukushika mara moja. Niliinua macho. Mkono wako ulikuwa umenyooka hewani, unanitafuta. Nikabonyeza mara moja, kisha nikaingiza kichwa chini ya kiganja chako.

Kwa hiyo kilichomo ni hiki. Mkono uko mbele, mkubwa kuliko uso, umekuja mpaka karibu utoke kwenye karatasi. Vidole vimefifia kwa sababu viko karibu mno na vilikuwa vinatembea. Mistari ya kiganja unaiona nusu, mwanga umeingia kati ya kidole gumba na cha pili. Nyuma ya mkono, juu kidogo, uso wako uko wazi kabisa kama maji ya kisima. Kichwa umekitega. Midomo imefunguka kidogo, ulikuwa unasema "uko wapi" au ulikuwa unataka kusema. Mlango umekata picha upande wa kulia, vibaya. Shuka imeteleza. Huonekani dhaifu, Kokoo, lakini unaonekana unatafuta.

Baba anasema hiyo si ya mazishi, kwamba mtu mbele ya jeneza anatakiwa awe ametulia. Labda ni kweli. Mimi siwezi kusema, kwa sababu nikiitazama nahisi kiganja.

Niambie ni ipi.

Soila


Kajiado,
5 Oktoba 2025

Soila, mjukuu wangu,

Iko.

Priscilla alitaka kunisomea, nikamkatalia. Nimekusoma mwenyewe, herufi kwa herufi, na imenichukua wiki. Naandika kwa ufupi, mkono sasa unauma kweli.

Nimeziona zote mbili.

Ya kwanza mpe baba yako aiweke sebuleni. Ina utulivu anaoutaka, na yeye ndiye atakayeuhitaji.

Ya pili ndiyo itakayonitangulia. Usiupunguze mkono. Usiukate mlango. Vidole viache vififie. Lakini msiitundike juu kama walivyomtundika babu yako, watu wakashika shingo kumtafuta. Iwekeni kwenye kiti chake, kimo cha mtu aliyeketi. Atakayetaka kuniona itabidi ainame, na akishainama, mkono ndio huo.

Siku hiyo kamera iache nyumbani, Lennox atapiga. Wewe pita mbele kama watoto wengine wote, uinamishe kichwa.

Nailantei